Mpigie Sabaha

Mimi ni mtu wa hasira, na ninalisema mapema ili usije ukanishangaa mbele ya safari. Jovin, winga wangu, ambaye kazi yake ni kusimama barabarani na kuniletea wateja, huwa anawatahadharisha kabla hawajaingia: "Dada, vitenge vya huyu mama ni vikali, ila usimwombe apunguze bei mara tatu." Mara ya kwanza nacheka. Mara ya pili nakunja kitenge nakirudisha kwenye shelfu. Mara ya tatu nakuelekeza wanakouza magunia.

Naitwa Aikande, ila Kariakoo nzima wananiita Mama Godbless. Kwetu ni Machame. Fremu yangu iko jirani na Mtaa wa Msimbazi, mwaka wa kumi na tisa huu, nauza vitenge kwa jumla na sare za kwaya. Na nilikuwa na sifa nyingine, ambayo niliipenda kuliko duka lenyewe: watu walisema Mama Godbless anasikia. Yaani anasikia kutoka juu. Kila siku saa saba mchana sisi wanawake wa maduka ya pale tunapanda ghorofa ya tatu, kwenye chumba tulichokodi, tunaomba dakika arobaini, kisha tunashuka kuendelea na biashara. Humo ndimo nilimopatia jina. Nikifumba macho na kusema "Bwana amenionyesha," wanawake thelathini wananyamaza kimya. Niliwahi kumwambia mmoja kwamba mkwewe ana mimba, na kweli alikuwa nayo. Sikuwaambia kwamba asubuhi ile nilimwona yule binti akitema mate kila baada ya hatua mbili.

Sasa sikiliza nilivyomfanyia Selina.

Selina ni fundi cherehani, mjane kutoka Masasi. Miaka tisa amekaa kwenye kibaraza cha duka langu na cherehani chake cha miguu. Ukinunua kitenge kwangu, yeye anakupima palepale. Si mtu wa maneno mengi. Ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu "salama," na mguu unaendelea kukanyaga. Funguo za duka tulikuwa nazo sisi wawili tu, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwahi kufika asubuhi na kutoa cherehani chake nje.

Mwaka huu kwaya ya wanawake ya usharika wetu imetimiza miaka hamsini. Tukaamua kushona magauni arobaini ya jubilei, ya zambarau, yenye msalaba mweupe uliotariziwa kifuani. Selina aliyashona kwa wiki sita. Alhamisi moja jioni alimaliza la mwisho, akayakunja yote, akayapanga kwenye lile begi kubwa la mistari tunaloliita shangazi kaja, akanikabidhi. Nikalisukuma nyuma ya duka. Alhamisi ndiyo siku yetu ya kufunga mizigo ya wateja wa mikoani, kwa hiyo palikuwa na mashangazi kaja mengine saba pale chini, na mimi na kalamu yangu ya wino mzito nikiandika majina huku nikigombana na vijana wa guta za mizigo waliotaka kuondoka upesi kuwahi mabasi.

Ijumaa asubuhi magauni hayapo.

Nilipindua duka lile. Nilimpindua na Jovin. Nikakaa juu ya mzigo uliobaki pale nyuma, nikalia kama mtoto. Jubilei ilikuwa imebakiza wiki tatu na siku mbili. Kisha nikafuta machozi, nikasema Jumatatu nitaanza kufunga na kuomba siku tatu mpaka Mungu aniambie nani kachukua. Ona hilo neno. Sikuomba aniambie magauni yako wapi. Niliomba aniambie nani.

Siku ya kwanza nilipata njaa. Siku ya pili, nikiwa nimepiga magoti kule juu, lilinijia jina la Sabaha. Huyu Sabaha ni mteja wangu wa Songea, Mwislamu safi, ana duka la vitenge sokoni, tunafanya biashara kwa simu mwaka wa sita. Likanijia taratibu tu, kama mtu anayekukumbusha umeacha jiko linawaka: mpigie Sabaha. Nikakasirika. Mimi nafunga kwa ajili ya nyumba ya Mungu, shetani ananiletea biashara! Nikasema, "Shindwa!" Baada ya kitambo likarudi, vilevile, halikupandisha sauti: mpigie Sabaha. Nikapiga mguu sakafuni, "Shindwa kwa jina la Yesu!" na wanawake wote, bila kujua ninashindana na nani, wakaitikia, "Shindwa!" Siku ya tatu asubuhi likaja tena. Mara hiyo nikalikemea mpaka sauti ikakauka. Halikurudi.

Ikaja nyingine. Hiyo ilikuja na moto. "Ni Selina," ikaniambia, na haikuishia hapo, ikanipangia ushahidi: ana ufunguo, ni mkimya kupita kiasi, mtu mwema hanyamazi hivyo, na Ijumaa ile alichelewa kukutazama usoni. Ikaniambia wewe ni mtumishi, usiogope watu, sema leo, sema sasa hivi. Moyo ulinienda mbio, masikio yakawaka. Nikajua ndiyo yenyewe, maana nilikuwa ninaamini Mungu akisema ni lazima damu ichemke.

Saa saba nikasimama. "Bwana amenionyesha. Magauni yamechukuliwa na Selina."

"Amina!" akaitikia Mama Leticia, mwenyekiti wetu. Tukashuka ngazi wanawake thelathini, visigino vinalia, tukamzunguka Selina akiwa na sindano mdomoni. Watu wa maduka ya jirani wakatoka. Mtaa ule hauhitaji tangazo. Mimi nikayasema yale maneno tena, kwa sauti kubwa zaidi, na kila mtu akasikia.

Selina alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye nguo aliyokuwa anashona. Hakulia. Aliniangalia akasema, "Mama Godbless, huyo unayemsema, mimi pia huwa naongea naye. Hajaniambia hivyo."

Akavua ufunguo kwenye kamba ya shingoni, akauweka juu ya meza yangu. Alichukua mkasi wake na futi yake, akaita bajaji, akapakia cherehani, akaondoka. Nilijisikia mshindi mpaka jioni. Nasema kweli, nilijisikia vizuri sana.

Zikapita siku tisa. Ikawa Ijumaa, saa tatu asubuhi, simu ikaita. Sabaha.

"Mama Godbless," anasema, "mimi nilikuwa Namtumbo kwenye matanga ya mama mkwe wangu, nimerudi jana, mdogo wangu alinipokelea mzigo. Leo ndiyo nafungua. Hivi, dada yangu, umeamua kunibatiza?"

"Unasema nini?"

"Nimeagiza vitenge, nimeletewa magauni arobaini yenye misalaba! Wateja wangu wamekaa hapa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Subiri nikutumie picha."

Picha zikaingia. Ya kwanza, zambarau tupu, na misalaba ya Selina imenyooka vizuri kabisa. Ya pili, ubavu wa lile begi, na juu yake kwa wino mzito: SABAHA – SONGEA. Mwandiko wangu. Mtu mwingine asingeweza kuandika S ile yenye mkia kama wa mjusi, mwalimu wangu wa darasa la tatu alinichapa kwa ajili ya mkia ule na sikuuacha.

Nikaenda nyuma ya duka kama mtu anayeota. Lile begi nililolikalia siku ile nikilia, nililolipapasa juujuu nikadhani ni mzigo wa akiba, nikalifungua zipu. Vitenge vya Sabaha. Nilikuwa nimevikalia siku zote hizo.

Jovin alikuwa mlangoni. Jovin ni Mhaya, kanisani kwao anaonekana Krismasi na Pasaka, lakini swali aliloniuliza hakuna mchungaji aliyewahi kuniuliza. "Mama," akasema taratibu, "kwa hiyo Mungu alikosea?"

Nilitaka kumtukana. Mdomo nilishaufungua. Halafu nikakumbuka: mpigie Sabaha. Mpigie Sabaha. Mpigie Sabaha. Mara tatu! Yesu wangu. Aliniambia mara tatu kwa upole, na mimi nikamwambia shindwa, nikakusanya na wanawake thelathini wanisaidie kumkemea. Na ile hasira yangu mwenyewe, inayowafukuza wateja dukani, nikaipa kiti cha enzi nikaiitikia amina. Nikakaa sakafuni katikati ya vitenge.

"Hakukosea," nikamwambia. "Alisema. Mimi ndiye sikumjua."

Nje kelele zilikuwa zilezile za kila siku. Kila duka pale lina spika, zote zinaimba bei kwa mpigo mmoja. Jovin akachuchumaa karibu yangu. "Mbona mimi unanijua?" akasema. "Spika zote hizi, nikikwambia 'mama, mteja,' wala sijapaza sauti, unainua kichwa."

"Wewe tuko wote miaka kumi na moja. Na hujawahi kunidanganya."

"Basi," akasema, kana kwamba nimejijibu. Kisha akajikuna shingo. "Kuna kitu sikutaka kukwambia. Selina anaondoka kesho alfajiri. Anarudi Masasi moja kwa moja. Tangu siku ile hakuna fundi mwenzake aliyekubali akae kwenye kibaraza chake. Kila anakoenda wanamwambia wewe ndiye yule wa magauni ya kanisa."

Nikasema nitamtuma Jovin akamwambie magauni yamepatikana. Ndani yangu, palepale, ikanijia taratibu: nenda wewe. Nikasema nitampigia simu. Nenda wewe. Haikugomba, haikunitukana, wala haikunisifu kwamba ni mtumishi. Ile nyingine huwa inasema juu ya watu. Hii ilikuwa inasema juu ya miguu yangu. Nikamwambia Jovin akae dukani, nikavaa kandambili, nikatoka.

Lakini usidhani niligeuka malaika ghafla. Njiani Uchagga wangu ukanijia. Kwetu kuna jani linaitwa isale, refu, la kijani, linapandwa kwenye mipaka ya mashamba na makaburini. Mtu akikukosea, hata kama amefanya jambo zito namna gani, akija nalo mkononi huwezi kumkatalia msamaha. Ukimkatalia, wewe ndiye unakuwa na kosa, na ukoo mzima unakugeukia. Nikajisemea, Aikande, salama yako iko hapo. Nikapita sokoni Ilala kwa Clotilda, mama wa Rombo anayeuza ndizi za Moshi, ambaye amepanda isale kwenye ndoo ya rangi kando ya meza yake.

"Nani kakukosea?" akaniuliza huku anapapasa kisu.

"Mimi ndiye nimekosea."

Akaniangalia. "Wewe Mama Godbless? Basi chukua mawili."

Chumba cha Selina kiko Ilala hukohuko, nyuma ya karakana ya wachomeleaji. Mlango ulikuwa wazi. Cherehani kilishafungwa kwenye kiroba kwa kamba, godoro limeviringishwa, na yeye alikuwa anafagia chumba kitupu. Aliponiona akaacha ufagio.

"Shikamoo, mama," akasema.

Ile shikamoo iliniumiza kuliko kama angenizaba kofi. Nikamnyooshea majani yangu mawili.

Akayatazama. "Umeniletea mboga?"

"Hapana, mdogo wangu. Hili kwetu ni isale. Mtu akija nalo kuomba msamaha, huwezi kumkatalia."

"Siwezi?"

"Haiwezekani. Ndiyo mila."

Selina aliegemea ukuta, akakunja mikono. Miaka tisa sijawahi kumwona amekunja mikono, ilikuwa na kazi siku zote. "Kwa hiyo, Mama Godbless," akasema, "siku ile ulikuja na Mungu ili nisiweze kukujibu. Leo umekuja na jani ili nisiweze kukukatalia. Lini utakuja wewe?"

Nikasikia zile mashine za wachomeleaji zinakwaruza nje. Ile sauti ya moto ikainuka kifuani kwangu mara moja: huyu anakudharau, umemfuata mpaka kwake, umemheshimu kwa mila za kwenu, geuka uondoke. Ilikuja na mbio zake zilezile na ushahidi wake uleule. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya miaka hamsini na minane, nikaitambua. Nikasema moyoni, aah, kumbe ni wewe! Siku zote hizo ni wewe! Nikaiacha ipige kelele zake.

Nikayaweka majani chini, nje ya kizingiti. Nikarudi mikono mitupu. "Selina, magauni yako Songea. Niliandika jina la mteja kwenye begi lako mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Mungu hakuniambia ni wewe. Ilikuwa ni hasira yangu, nikaivisha jina lake. Nimekuharibia jina mbele ya Kariakoo nzima. Sina la kujitetea. Unaweza kunikatalia."

Hapo ndipo alipolia. Siku ile ya fedheha hakulia, akalia leo. Nami nikalia, tukawa tunalia wanawake wawili kwenye chumba kisicho na hata stuli.

"Nimekusamehe tangu Jumanne hii," akasema alipotulia, anafuta pua kwa khanga. "Kila siku nilikuwa naambiwa, msamehe mama yule. Nikawa nakataa, nikasema huyo si Mungu, ni woga wangu. Lakini ilikuwa inarudi polepole tu, wala hainisukumi. Jumanne nikachoka kukataa. Ila jina langu, mama, halipo hapa. Uliliacha kule ghorofani."

Nikatazama saa. Saa sita na dakika ishirini. "Twende," nikamwambia.

Tulifika wanawake wameshaanza pambio. Selina alisimama mlangoni, akakataa kuingia. Nilipomnong'oneza Mama Leticia habari ile, uso ulimbadilika, akanivuta pembeni. "Sikia, dada," akasema. "Bwana asifiwe magauni yamepatikana. Tutatangaza hivyo tu. Haya mengine ya kusema ulikosea, tutawavunja moyo walio wachanga. Wataamini nini tena? Linda huduma yako. Selina tutamwita kwa siri tumpe pole."

Na niseme ukweli, yalinikaa vizuri maneno yale. Yakaingia kama uji wa moto kwenye tumbo lenye njaa. Ile ya moto ikadakia hapohapo: Leticia ana hekima, wewe ni nguzo, ukianguka na wengi wataanguka. Nikataka kukubali, haki ya Mungu nilitaka. Nikamsikiliza kwanza na yule mwingine. Hakuwa na hotuba. Kilichonijia ni uso wa Selina tu, pale mlangoni, na ile kamba ya ufunguo ambayo haipo tena shingoni kwake.

Nikaenda mbele. Wanawake wakanyamaza, walidhani ni ufunuo.

"Bwana hakunionyesha," nikasema.

Mtu mmoja akaitikia "amina" kwa mazoea, halafu akajiziba mdomo.

"Siku ile niliposema Bwana amenionyesha, nilidanganya. Sikujua kama ninadanganya, lakini nilidanganya. Selina hakuchukua kitu. Magauni niliyatuma mimi Songea kwa mkono wangu, na picha hii hapa, mtazame mwandiko wenyewe. Mungu alinipa njia ya kuyapata siku ya pili ya mfungo. Mnakumbuka niliposema shindwa mkaitikia? Tulikuwa tunamkemea yeye. Alisema kwa sauti ndogo, nami nilitaka ya ngurumo. Nimemuaibisha dada huyu mbele za watu, kwa hiyo mbele za watu ninamwomba msamaha. Na kuanzia leo, mtu asije kwangu kuulizia mambo ya mwenzake. Mimi bado ninajifunza kusikia yangu."

Nikashusha simu. Nikajisemea, basi, Aikande, ndiyo mwisho wako hapa. Na cha ajabu, sikuogopa. Kifua kilikuwa chepesi, kimepoa kabisa.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa yuleyule Mama Leticia. Machozi yanamchuruzika na wanja wake wote. Alipita katikati ya viti akaenda mpaka mlangoni, akapiga magoti, mwenyekiti mzima na suti yake, mbele ya Selina. "Mimi ndiye niliyeitikia amina ya kwanza," akasema. Selina akamshika mikono amnyanyue, wakavutana hapo, na mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele ambacho kiliitikiwa na chumba kizima.

Tukashuka ngazi zilezile, visigino vilevile. Watu wa maduka wakatoka tena wakidhani kuna mwizi. "Kuna nini tena?" wakauliza. Nikasimama juu ya kigoda cha Jovin nikayasema yote upya, kwa sauti ileile niliyomchafulia, na nilipomaliza Jovin alikuwa ameshatuma bajaji Ilala. Ilipofika na kile kiroba, wanawake wanne walikishusha cherehani na kukirudisha kibarazani. Nikachukua ufunguo mezani, nikamvisha Selina shingoni mwenyewe. Alifungua kamba za cherehani, akakaa, akakanyaga mara moja kusikiliza kama kimeumia. Hakikuumia. "Nani alikuwa na kanzu ya mume wake hapa haijaisha?" akauliza, na kazi ikaanza.

Magauni yalifika na basi la Jumatano. Sabaha alikuwa ameyapiga pasi yote arobaini, yeye na binti zake, na kuyafunga upya kwa karatasi laini, na gauni moja lililokuwa limeachia kifungo njiani alikuwa amelishonea kingine kinachofanana. "Sikutaka misalaba ya watu ifike imekunjamana," aliniambia kwenye simu. Nami nikampelekea vitenge vyake, na safari hiyo Selina ndiye aliyeandika jina begini. Mimi kalamu ile nimenyang'anywa.

Jumapili ya jubilei, tulitoka kanisani kwa maandamano. Matarumbeta mbele, kwaya nyuma, zambarau imejaa barabara. Selina kwao ni Mwanglikana, si mwanakwaya wetu, lakini wenzangu walimshoneshea gauni la arobaini na moja kwa fundi mwingine, kwa siri, na wakamweka mstari wa mbele kabisa. Tulipoingia Msimbazi, maduka machache yaliyokuwa wazi yakajaza watu milangoni. Jovin alikuwa amenyakua spika ya mtu, sijui ya nani. "Mtazameni fundi!" anapaza. "Hayo magauni yote ni mikono ya Selina! Selina wa Masasi! Selina wa Kariakoo!" Mtaa ukaitikia, "Selinaa!" Wale mafundi waliomnyima kibaraza nao walikuwa wanapiga makofi. Selina anacheka, analia, anacheza, mikono iko juu, na mimi nyuma yake natokwa jasho na furaha kwa pamoja, naimba mpaka koo linauma. Bwana amempa jina lake, na mimi amenipa masikio!

Na katikati ya zile kelele zote, tarumbeta, ngoma, spika, vigelegele, ikanijia. Taratibu. Haikupandisha sauti hata kidogo.

Mpigie Sabaha.

Nikasimama katikati ya barabara, kwaya ikanipita pande zote mbili. "Mama Godbless, vipi?" Leticia akaniuliza. Nikamwonyesha kwa mkono aendelee. Nikatoa simu kwenye pochi, nacheka peke yangu, nikapiga.

"Mama Godbless?" Sabaha akaitika Songea. Nikainua simu juu kabisa, kuelekea matarumbeta, nikaiacha huko asikie. Kisha nikairudisha sikioni.

"Ndiyo magauni yangu hayo?" akauliza.

"Ndiyo hayo."

"Jamani. Asubuhi yote nimekaa hapa najiuliza, hivi watanikumbuka?"